Damu Iliyorudi kwa Baba

Baba yangu alikuwa fundi wa chuku. Nasema alikuwa ingawa yu hai, na jinsi kazi hiyo ilivyomtoka mikononi ndiyo habari ninayotaka kuieleza.

Watu walimjia kutoka Msambweni yote, na wengine walivuka maji kutoka Mkwiro: wenye vichwa visivyopoa, wenye migongo iliyokaza, wanawake waliosema damu imewaganda mwilini. Aliwakalisha kwenye kigoda uani, akawachanja kwa wembe mpya, akabandika pembe ya ng'ombe, akavuta hewa kwa mdomo na kuziba tundu kwa nta kwa ncha ya ulimi. Damu ilipojaa aliibandua pembe, akaimwaga katika shimo nyuma ya nyumba na kuifukia kwa mchanga na majivu. Mgonjwa hakuruhusiwa hata kugeuka kuitazama. Kwa baba hiyo ilikuwa kanuni isiyo na mjadala: damu iliyotoka haikai juu ya ardhi, wala haimrudii mwenyewe. Kilichotoka kimetoka.

Mimi ni fundi wa cherehani. Nina kibanda Ukunda, nashona madera na sare za wafanyakazi wa mahoteli ya Diani. Watu husema nina ulimi mkali, nami sikatai, lakini ulimi si kitu. Kibaya nilicho nacho ni hasira ya kukaa, ile isiyopiga kelele na isiyoondoka. Na iliyokaa kuliko zote ni ya mama.

Mama alishikwa na homa ya kwenda na kurudi, mimi nikiwa msichana aliyekwisha kuposwa. Baba alimuumika, akambandika pembe. Homa ikashuka, ikarudi, akamuumika tena. Kila alipobandua pembe, midomo ya mama ilizidi kuwa myeupe, naye baba akatuambia ubaya unatoka, tuwe na subira. Tulipomfikisha hospitali hatimaye, daktari alivuta kope lake chini, akachungulia, akauliza damu ya mtu huyu imekwenda wapi. Baba alikuwa amesimama karibu na mlango. Mama hakutoka katika kitanda kile, na mimi sikumwambia baba neno, wala yeye hakuniambia. Tuliishi hivyo miaka na miaka. Nilimpelekea unga na samaki, tukaamkiana vizuri, shikamoo baba, marahaba mwanangu, na mtu wa nje angetuona tunapendana. Tulipendana pia, na hilo ndilo lililonichosha.

Ugonjwa wake niliujulia kwenye soksi. Ilikuwa kaskazi, joto la kumfanya mtu alale sakafuni, na baba amekaa uani amevaa soksi nzito za mtu wa bara.

"Baba, wasafiri?" nikamtania.

"Miguu yaona baridi," akasema.

Pakanukia mafuta ya karafuu, na chini ya karafuu harufu nyingine. Sikuomba ruhusa. Niliinama nikaivua soksi ya kulia, na kisigino chake kilikuwa cheusi. Alikuwa amekatwa na ganda la chaza siku nyingi nyuma, na mgonjwa wa sukari kama yeye hasikii jeraha mpaka jeraha limsikie yeye. Mstari mwekundu ulikuwa umepanda muundi wote. Na kwenye shavu la mguu niliona alama mbichi, duara juu ya duara. Alikuwa amejiumika mwenyewe.

Nilitaka kumpiga. Binti hasemi maneno kama hayo juu ya babake, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilipiga simu nikaita gari, nikampeleka hospitali.

Hospitali sitaitaja. Walikisafisha kidonda, wakamkata vidole viwili, wakamwekea dawa za kupitia mshipani. Homa ikabaki palepale. Wakabadilisha dawa, homa ikabaki. Daktari alikuwa kijana wa bara, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta upande mmoja. Aliniita ukumbini akaniambia vijidudu vimeingia kwenye damu, na vijidudu hivyo vimezizoea dawa walizo nazo. Zipo nyingine, alisema, lakini zinataka muda, na baba hana muda.

Kisha akanionyesha kile kitu. Kilikuwa kipande cha plastiki angavu, kipana kama kisanduku cha kiberiti, alichokibeba kwenye karatasi yake kama mtu anayekuletea ubani. Nikakielekeza dirishani. Mimi ni mtu wa uzi, najua wembamba, lakini ndani yake mlikuwa na vijia ambavyo uzi wangu mwembamba kuliko wote usingepita. Akanieleza polepole. Damu ingetoka kwa mpira mmoja, ichanganywe na chembe za chuma zisizoonekana kwa jicho, chembe zilizopakwa kitu kinachowanasa wadudu. Ndani ya vijia hivyo sumaku ingezivuta chembe pembeni, pamoja na kile zilichokinasa, na damu ingeendelea na safari yake, irudi mwilini kwa mpira wa pili.

"Hii kitu bado inajaribiwa," akasema. "Kuna wenye walipona, kuna wenye hawakupona. Siwezi kukuahidi, mama."

Nilimpenda kwa hilo. Watu wengi wameniahidi mambo maishani.

Tatizo lilikuwa kumwambia baba. Akili yake ilikuwa bado nzima, homa ikimpanda na kumshuka, na daktari alisema bila idhini yake hawagusi kitu. Alikaa kando ya kitanda akaeleza upya, vijidudu, chembe, sumaku. Baba alitazama dari. Daktari alipomaliza, baba akanigeukia mimi.

"Huyu asema nini? Kiswahili chake sikisikii."

Alikuwa anakisikia vizuri sana. Ila alikuwa hataki kusemeshwa na mtoto.

Ndipo muuguzi akaingia kati. Alikuwa binti wa huku kwetu, na bibi yake alikuwa akiumikwa na baba kila mwezi wa mfungo sita. Aliinama mpaka uso wake ukawa mbele ya uso wa mgonjwa.

"Baba, ni chuku," akasema. "Chuku ya kisasa. Yatoa ule ubaya."

Macho ya baba yakafunguka. "Chuku?"

"Chuku, baba."

"Sasa mbona hamkusema tangu mwanzo?" Akamtazama daktari kwa jicho jipya, kama amegundua ni jamaa. "Na huyu ndiye mwanagenzi? Mwambie asivute kwa nguvu mwanzoni. Damu yataka kubembelezwa."

Akaunyoosha mkono wake mwenyewe. Muuguzi hakuwa amesema uongo, na wala sikumlaumu wakati ule. Sote tulitaka aishi, na lile neno lilikuwa limefungua mlango tulioubisha tangu asubuhi.

Mashine ilipowashwa baba alikuwa ameinuliwa kidogo kwenye mito. Damu ilianza kutembea ndani ya mpira, nyeusi, polepole. Aliifuata kwa macho kwa raha ya fundi anayetazama kazi ya fundi mwenzake. "Tazama ilivyo nzito," akaniambia. "Hiyo ndiyo yenyewe." Ikaingia katika kile kipande cha plastiki na plastiki ikabadilika rangi, vijia vyote vikajaa mara moja. Nakumbuka nilivyoona fahari kidogo, sijui kwa ajili ya nani.

Kisha macho yake yakaenda mbele zaidi.

"Na huu mpira wa pili?"

"Huo warudisha, baba," akasema muuguzi.

"Warudisha nini?"

"Damu yako."

"Ipi?"

Muuguzi akanitazama. Nikatazama sakafu. "Hiyohiyo," akasema hatimaye, "ikishasafishwa."

Baba hakupaza sauti. Alipeleka mkono wake wa pili, akaushika ule mpira wa kurudi, akaukunja kati ya vidole viwili, akabana. Mashine ikaanza kulia. Muuguzi akaunyoosha mpira, baba akaukunja tena. Mwili wake wote ulikuwa umeisha, lakini vidole vile vilikuwa vimefanya kazi maisha mazima, na binti hakuviweza. Daktari akaja mbio, akazima. Tukabishana, tukabembelezana, na tulipokuja kutazama, damu ilikuwa imeganda ndani ya vijia. Kipande kile kikawa si kitu tena.

"Kimebaki kimoja tu," daktari akasema.

"Toeni mtakavyo," baba akamjibu, na sasa alikuwa anakisikia Kiswahili cha bara bila mkalimani. "Toeni, mwageni. Lakini isirudi."

"Mzee, nikitoa nisirudishe, utakufa kwa kukosa damu."

Baba aligeuka akanitazama. Kwa miaka yote ile hakuwahi kunitazama hivyo. Tulijua sote wawili ni kitanda kipi kilichotujia akilini. Kisha akageukia ukutani.

"Isirudi," akasema.

Muuguzi alipata wazo la kumwita imamu wa msikiti wa karibu, akidhani ni suala la najisi. Imamu akaja, mtu mpole, akasoma dua, akaeleza kwamba dharura ina hukumu yake na kuihifadhi roho ni wajibu. Baba alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Allah akulipe, sheikh," akasema. "Lakini mimi sikuuliza dini. Dini yangu naijua. Mimi nasema habari ya damu."

Imamu akanitazama kama anayeomba msamaha, akaenda zake.

Nilitoka barazani nikaketi kwenye benchi, na muuguzi akanifuata analia. Alisema alitaka tu akubali. Nikamwambia alikubali, ila alikubali jambo jingine. Ulimi ule tena. Aliufuta uso kwa upindo wa aproni, na mpaka leo maneno hayo yananiuma, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyejaribu kusema na baba kwa lugha anayoiheshimu.

Alasiri ile homa ikapanda ikamzidi. Alianza kuongea na watu wasiokuwepo. Aliniita kwa jina la mama, akaniambia nisigeuke, nisitazame. Nilikuwa nikimpangusa jasho, na nilipolisikia jina lile mkono wangu ukasimama. Baadaye akaacha hata kuongea, akawa anavuta pumzi fupifupi tu.

Daktari alikuja na mwenzake mkubwa zaidi, wakanisimamisha nje ya pazia. Walikuwa wameshauriana. Mzee sasa hawezi kujiamulia, walisema, na mimi ndiye wa karibu. Alikataa akiwa amefahamishwa vibaya tangu mwanzo. Kama jibu ni ndiyo, liwe sasa.

"Lakini alikataa," akasema muuguzi nyuma yao, kwa sauti ndogo. "Dada, sote tulimsikia."

Sote tulimsikia. Alikuwa na akili zake, na alisema neno moja mara mbili. Mtu akisema hivyo, mtoto hana haki ya kulivuka neno lake kwa sababu tu amelala. Nililelewa hivyo na nimewalea wanangu hivyo. Kwa upande wa pili alikuwa babangu, na alikuwa anakufa kwa kitu ambacho huenda kingetoka kwa kipande cha plastiki. Lakini hayo mawili hayakuwa yote. Lilikuwapo la tatu, na hilo ndilo lililonitisha. Nilijiuliza kama ninataka apone, au ninataka ashindwe. Nilitaka ile damu imrudie. Nilitaka mtu mmoja duniani amwonyeshe babangu kwamba damu ni ya kurudishwa. Nilijipima pale nyuma ya pazia, mkono mmoja ukiwa bado na kitambaa cha jasho, nikashindwa kujua lipi ni zito, na sijajua hata leo.

"Irudisheni," nikasema.

Nilimshika mikono yote miwili muda wote mashine ilipokuwa ikifanya kazi, asije akaufikia mpira. Hakujaribu, hakuwa na nguvu ya kujaribu, lakini nilimshika vivyo hivyo. Ule mpira wa kurudi ulipita juu ya mkono wangu na ulikuwa na uvuguvugu. Sikutegemea uwe na joto. Ilikuwa damu ya babangu inapita juu ya ngozi yangu ikienda nyumbani kwake, na nikalia pale, kwa huruma na kwa kisasi, sikuweza kutenganisha.

Homa ilishuka kidogo kidogo. Nilimuuliza daktari kama ni kile kipande au ni dawa zilizoamka. Akasema hajui, huenda ni vyote viwili, ndiyo maana wanaita majaribio. Baba alipoamka sawasawa aliomba uji, akalalamika hauna sukari, akaambiwa hautakuwa na sukari. Kuhusu damu hakuuliza. Hata mimi sikusema. Tulikuwa hodari wa kutosema.

Nyumbani Msambweni watu wakaja kumjulia hali, na baada ya wiki chache wakaanza kuja kwa kazi. Baba akawarudisha. Wa kwanza aliambiwa mkono haujapata nguvu, nikaamini. Wa pili aliambiwa hivyohivyo, na asubuhi ile nilikuwa nimemwona akipasua kuni. Kisha akaja mama mmoja kutoka Mkwiro, mteja wa tangu zamani, kichwa amekifunga leso kwa maumivu. Baba alimkaribisha, akampa maji, akamsikiliza, akamwambia aende hospitali akapimwe.

"Nimevuka maji kuja kuambiwa hayo?" mama yule akasema. "Kwani chuku imekuwa haramu?"

"Haijawa haramu," baba akamjibu. "Mimi ndiye siiwezi tena."

Akatoka amekasirika, na nilimwona baba akimfuata kwa macho mpaka alipopotea njiani. Nikaingiwa na hofu. Nilikuwa nimemrudishia uhai, nikadhani nimemaliza, na sasa naona mtu amekaa uani mikono juu ya magoti asubuhi mpaka adhuhuri, anafikiri. Baba hakuwahi kuwa mtu wa kufikiri. Alikuwa mtu wa kujua.

Jumamosi moja nilikwenda na samaki changu wawili, nikakaa mlangoni kuwaparua magamba. Baba alikuwa amejinyoosha kwenye kitanda cha kamba, mguu wake mbovu umewekwa juu ya mto.

"Walirudisha?" akauliza.

Nilijua anasema nini. "Walirudisha."

"Nani aliyewaambia warudishe?"

"Mimi."

Akatikisa kichwa polepole. Nikajiweka tayari. Nilikuwa na maneno yangu yote, yamepangwa tangu siku ile ya pazia: kwamba alikuwa anakufa, kwamba asingekuwa hapo kuniuliza. Hakuyataka.

"Na ile ya mamako," akasema, "ingesafishika?"

Nililingoja swali hilo tangu nilipokuwa msichana. Nilikuwa na jibu lake, nimelinoa miaka mingi, nikilala nalo na kuamka nalo, na sikuwahi kufikiri kwamba siku likifika litakuja kwa sauti ya mzee aliyelala chali. Nikamwonea huruma, na huruma yenyewe ikanikera.

"Hapana, baba," nikasema. "Ya mama ilikuwa imeshaharibika."

Nikaendelea na samaki wangu, magamba yananirukia mikononi, nikijiambia nimefanya vizuri.

"Nilimuuliza daktari siku ya kuondoka," akasema. "Wewe ulikuwa umekwenda kuleta gari. Alisema damu haiharibiki. Alisema kibaya ni kilichomo ndani yake, na mgonjwa wa homa yuaihitaji damu yake yote."

"Sasa waniuliza nini mimi, kama wajua?"

"Nilitaka kuona kama ungeniambia."

Kisu kilikuwa mkononi na sikujua nikifanyie nini. Baba alijiinua kwa kiwiko, taratibu, kwa sababu ya ule mguu, mpaka akakaa akanielekea.

"Siku zile nisingeweza kukusikiliza," akasema. "Ungesema, ningekufukuza nyumba hii. Sasa naweza. Sema, mwanangu. Sema yote."

Nikawaweka samaki kando, nikanawa mikono, nikakaa karibu naye, nikaanza kumwambia.